ARDHI SI PEREMENDE!

Vijana wa vijiweni Arusha, someni hili. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapewe ardhi Afrika Mashariki. Bunge lao, Mkutano wa Kizayuni wa Basel, likapiga kura: 295 wakakubali kutuma wakaguzi, 178 wakakataa. Jicho likatua Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mnandi na Mmasai? Hawakuulizwa! Mwaka 1905 wakaghairi, 1908 wakaingia Makaburu.

Mwaka 1922 Bunge la Marekani likaunga mkono makao ya Wayahudi Palestina. Mpalestina naye hakuwa na kura. Kumhurumia aliyeteswa ni utu, lakini sadaka hutoka mfukoni mwako, si shambani kwa jirani!

Kwetu je? Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikatiwa moto, kupisha walowezi. Kirilo Japhet akapeleka kilio Umoja wa Mataifa 1952. Mkoloni kaondoka, tabia kaiacha: Juni 2022 Loliondo, kilomita za mraba 1,500 zikapigwa vigingi wafugaji wakilia.

Basi mkutano wa kijiji ukiitwa Oldonyo Sambu, acheni bao, pandeni gari, mkadai muhtasari usomwe hadharani. Asiyekuwepo na lake halipo!