Mkono Mtupu Haulambwi

Wako watu wasemao kwamba kugawa mamlaka baina ya serikali ya taifa na serikali za mashinani ni kulivunja taifa vipande vipande. Wako na wengine wasemao kwamba kazi ya kugawa imekwisha, maana katiba imekwisha andikwa. Wote wamekosea, na kosa la hao wa pili lina hatari zaidi. Madaraka yaliyoandikwa kwa wino, yasiyo na fedha nyuma yake, ni jina tu.

Tazameni historia yetu. Katiba ya mwaka 1963 iliigawa Kenya katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, na kila jimbo likapewa baraza lake. Chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala, kiliupigania mpango huo, kwa kuwa makabila madogo yalichelea kumezwa na makubwa. Lakini mfuko ulibaki mkononi mwa serikali kuu, nayo haikuwa na haraka ya kuufungua. Kenya ilipokuwa jamhuri, Disemba 12, 1964, mpango wa majimbo ulifutwa. Mti ulionyimwa maji hauhitaji shoka kubwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilishika njia nyingine. Kenya si shirikisho kama Marekani, lakini ina serikali 47 za kaunti. Jedwali la Nne limegawa kazi waziwazi. Ulinzi, mambo ya nje, polisi, shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya taifa. Zahanati na hospitali za kaunti, kilimo, masoko, shule za chekechea na barabara za kaunti ni za kaunti. Mgawo huo ni mwema. Je, mfuko umeshikwa na nani?

Kifungu cha 209 chajibu. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani hutozwa na serikali ya taifa peke yake. Kaunti yaweza kutoza kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani, na ada za huduma zake. Kule Marekani jimbo laweza kujiwekea kodi yake lenyewe ya mapato. Hapa kwetu kaunti haina ruhusa hiyo.

Basi kaunti huishi kwa kugawiwa. Katiba yasema fungu lao lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini kipimo chake ni hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa, kaunti hupimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Kifungu cha 219 chaamuru fedha zipelekwe bila kukawia wala kukatwa. Hata hivyo zimechelewa mara kwa mara, na wauguzi wakangoja mishahara yao. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa, akilikuta kabati la dawa tupu, humlaumu gavana aliye karibu. Pengine gavana ana hatia, pengine hana. Mama hawezi kujua, na hapo ndipo uwajibikaji unapofia.

Mpinzani atasema, “Kaunti zina wezi.” Wamo, wala siwatetei. Lakini mwizi akiingia ghalani, hukamatwa mwizi, ghala halichomwi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yupo, mabunge ya kaunti yapo, mahakama zipo. Tena wizi haukuzaliwa kwenye kaunti. Ulikuwako Nairobi zamani sana kabla ya kaunti kuwako.

Vijana, kesho ninyi ndio wapiga kura. Mgombea akija kuwasifia ugatuzi, msimpigie makofi upesi. Mwulizeni: hesabu za taifa zitakaguliwa na kupitishwa lini, na fungu la kaunti yetu litafika tarehe gani? Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili amekuja na mkono mtupu.