Historia ya mhusika: itangazwe kwa kikundi kizima au abaki nayo mchezaji?

Vikundi vya vijana vinavyocheza michezo ya kuigiza huku kwetu Minova vimeshika desturi moja ambayo ningependa tuizungumze, ndugu wasikilizaji, kabla haijawa sheria. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwongozaji anaketisha wachezaji katika duara, na kila mmoja anatakiwa kueleza mbele ya wenzake maisha yote ya mtu atakayemwigiza: alizaliwa kijiji gani, baba yake ni nani, alikimbia lini, alipoteza nani njiani. Wanasema ni kwa ajili ya uwazi. Nia ni njema. Lakini katika kikundi ambamo mtoto wa mwenyeji na mtoto aliyekimbia kutoka Masisi wanaketi pamoja, swali hilo halimgusi mhusika peke yake.

Kijana wa miaka 16 akiambiwa atunge maisha ya mtu, anachukua yaliyo karibu naye. Anabadilisha jina, anamfanya mjomba kuwa baba, anahamisha kijiji upande wa pili wa kilima. Wenzake wanatambua mara moja. Hapa watu wanasema Kihavu, Kitembo, Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili. Neno moja likitamkwa namna fulani, wanajua umetoka upande gani, na wako ambao hapohapo wamekwisha kukupa kosa. Basi mtoto aliyekuja kucheza ametoa ushahidi, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Mimi naona hivi. Kikundi kizima kijue yale ambayo jirani yeyote angeyajua: jina la mhusika, kazi yake, undugu wake na wengine, na anataka nini leo. Yaliyobaki yakae kati ya mchezaji na mwongozaji, mpaka mchezo wenyewe uyadai.

Wako watu waliobishana juu ya jambo hilihili miaka mingi, nao si watu wa jukwaani. Ni wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huku ni wachache walioucheza, kwa hiyo nieleze kidogo. Watu wanne au watano wanaizunguka meza, wana karatasi, kalamu na dadu. Hakuna watazamaji. Kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Mmoja wao ni kiongozi: anaeleza mahali walipo, na anasema kwa mdomo wa kila mtu mwingine wanayekutana naye. Kabla ya kuanza, wengi wanaandika maisha ya nyuma ya mhusika wao, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Wengine wanataka kila kitu kisomwe mezani, ili kila mchezaji ajue namna ya kumpa mwenzake nafasi. Wengine wanasema mpe kiongozi peke yake. Wenzako watakujua kidogo kidogo, kama watu wanavyojuana maishani. Kiongozi naye akifichwa, siri inaoza. Hawezi kuitayarishia njia ya kutokea, na mchezaji anarudi nyumbani na kurasa tatu ambazo hazikumsaidia mtu yeyote.

Ndiyo maana sisemi siri kwa ajili ya siri. Nimeona mchezo mmoja ukifanyiwa mazoezi na vikundi viwili, na tofauti ilikuwa wazi. Majirani wawili wanagombea shamba mbele ya shefu. Kijana mchunga ng'ombe anaitwa kushuhudia, anakataa kufungua mdomo. Ukweli ni kwamba alikuwa kadogo, alichukuliwa akiwa na miaka 13, na siku nyumba ya mwenye shamba ilipochomwa alikuwapo.

Katika kikundi cha kwanza wote walijua hayo tangu mwanzo. Aliyeigiza shefu akamuuliza kijana kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Majirani nao hawakumkasirikia. Mchezo ukawa laini, watazamaji wakaanza kuzungumza mambo yao. Katika kikundi cha pili ni mwongozaji tu aliyejua. Shefu akafoka kwelikweli, jirani akamwita mhongwa, na watoto waliokuwa wakitazama wakapiga kelele, “Mwoga! Mwoga!” Kisha kijana akasema. Uwanja ukanyamaza. Mama mmoja akasimama, akaomba mchezo urudi nyuma, akachukua nafasi ya shefu, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya shamba kabisa. Alimuuliza kijana kama amekula.

Mtu wa Brazili, Augusto Boal, aliyebuni michezo ya namna hii ambayo mtazamaji anaruhusiwa kupanda na kubadilisha mambo, alitaka jambo kama hilo litokee. Na kwetu Congo mchezo shirikishi si mgeni. Search for Common Ground, shirika lililo nchini tangu 2001, limeutumia mara nyingi kwenye magomvi ya vijiji. Mtazamaji anapaswa kuhukumu kwanza, kisha ajue alichohukumu. Wachezaji wakishajua yote, wanamkinga mhusika mapema, na hukumu hiyo haipati nafasi ya kutokea.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao moja ni nzito. Wanasema: je, msichana anayeigiza jirani kama babake aliuawa na kundi lenye kadogo? Umemweka mbele ya kitu kinachomrudisha siku ile, bila kumwonya. Ni kweli, hilo haliwezi kupuuzwa. Ndiyo sababu mwongozaji lazima ajue yote, na azungumze na kila mchezaji faraghani kabla ya kugawa nafasi. Anaweza kuonya bila kufunua: “Katika mchezo huu kutatajwa vita na moto. Unaweza?” Wale wa michezo ya mezani wana njia nyingine ninayoipenda, iliyoletwa na Mmarekani John Stavropoulos. Kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza. Mchezaji akiona jambo linamzidi anaigusa, na jambo hilo linaachwa hapohapo. Haulizwi kwa nini. Sisi hatuhitaji hata kadi. Kitambaa kilichotundikwa pembeni kinatosha. Lakini “haulizwi kwa nini” ndiyo yenye kazi, na huku kwetu ndiyo itakayotusumbua, maana tunapenda sana kuuliza.

Hoja ya pili naiona nyepesi: eti anayeficha ana neno. Mchezaji anayeweka siri ya mhusika hajamficha mtu yeyote yeye ni nani. Na hata angekuwa ameficha, mkimbizi ana haki ya kuchagua ni nani atamsimulia.

Linalonitia hofu zaidi ni simu na kinasa sauti. Shirika moja lilikuja kwenye mazoezi, likawaomba watoto wasimame mmoja mmoja waeleze mhusika na kijiji chake, likapiga picha ili kupeleka ripoti. Sisi wa redio pia tunarekodi michezo hii na kuirusha, na mawimbi hayaulizi nani anasikiliza upande wa pili wa mlima. Jina unaweza kubadilisha; sauti ya mtoto inajulikana na shangazi yake, na inajulikana pia na aliyemfukuza. Mchezo ukienda hewani, kijiji cha mhusika kiwe cha kubuni, na mchezaji asikie rekodi kabla hatujairusha. Akisema sehemu fulani itoke, itoke.

Wazazi mnaoishi kwenye madarasa, makanisani na kwa jamaa, mazoezi ya watoto si mkutano wa siri. Nendeni mkaketi. Muulizeni mwongozaji maneno ya mtoto wenu anayaandika wapi, daftari hilo linalala kwa nani, na likijaa linapelekwa wapi.