Mashine Itunge, Lakini Mpiga Kalindula Alipwe

Mchuuzi wa chisense wa Kashikishi leo hahitaji bendi ili kutangaza mzigo wake. Akiwa na simu yenye intaneti, anaiandikia programu kama Suno maneno machache: taja samaki, taja bei, weka mdundo wa kalindula. Kabla maji ya chai hayajachemka, wimbo uko tayari, na unavuka naye Ziwa Mweru hadi Kilwa ya Congo.

Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni nafuu, wala si haki kumlaumu. Lakini mfanyabiashara anajua kuliko wengine kwamba hakuna mzigo usio na mwenyewe. Programu hizo hazikuota mdundo; zilifundishwa kwa nyimbo zilizorekodiwa na watu. Kalindula ni zao la Luapula. Anayeuza mdundo wake bila kumkumbuka aliyeupiga hana tofauti na dalali anayebeba samaki na kulisahau deni la mvuvi.

Wakubwa wameshaliona hilo. Juni 2024, Universal, Sony na Warner zilizishtaki Suno na Udio katika mahakama za Marekani kwa kutumia rekodi zao bila ruhusa. Mwaka 2025 Universal ikapatana na Udio, na Warner ikapatana na zote mbili. Je, ni nani atakayeketi mezani kwa niaba ya mpiga kalindula wa Nchelenge au mpiga rumba wa Pweto?

Zambia na Congo zote ni wanachama wa COMESA na SADC. Jumuiya zinazojua kupanga kanuni za mahindi na sukari hazishindwi kupanga za muziki: programu inayouzwa katika nchi wanachama itaje nyimbo ilizojifunzia, na iwalipe wenyewe kupitia vyama vya hakimiliki.

Mchuuzi naye asingoje mkutano. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inashikilia kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake haina hakimiliki. Msimamo huo ukifuatwa na huku, tangazo la namna hiyo litachukuliwa na jirani wa kibanda cha pili, na hatakuwa na kosa. Kijana wa gitaa akilipwa, hata kama naye anatumia mashine kupanga ala, mchuuzi anapata wimbo wenye mwenyewe, Kibemba kinatamkwa sawasawa, na pesa inabaki ziwani.