Mgeni wa Ufuoni



Sifa zote njema zinamstahiki Allah aliyeitiisha bahari ili waja wake wale kutokana nayo na wasafiri juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na swahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba tusafiri kwa fikra hadi Meksiko, upande wa Bahari ya Pasifiki, katika jimbo la Nayarit. Huko pana kijiji kiitwacho Chacala. Ni kijiji cha wavuvi, wakazi wake ni mamia machache tu, na ghuba yake imepindika mithili ya mwezi mwandamo. Nyuma ya mchanga imesimama minazi, na chini ya minazi yamo mabanda ya kulia chakula yaliyoezekwa kwa makuti. Mtu wa Msambweni au wa Faza akishushwa pale usiku, huenda alfajiri akauliza msikiti uko upande gani.

Siku nyingi za mwaka kijiji hicho ni kimya. Kisha huingia Juma Kuu la Wakristo, lile linalotangulia Pasaka, likafuatiwa na juma la Pasaka yenyewe. Shule za nchi hiyo hufungwa majuma yote mawili. Hapo barabara itokayo mji wa Las Varas hujaa magari ya familia kutoka Tepic na Guadalajara: bibi, wajukuu, ami na shangazi, pamoja na magodoro, majiko ya mkaa, masanduku ya barafu na maturubai. Mahema hupandwa yakabanana, kamba ya huyu ikapita juu ya kamba ya yule, hata mchanga usionekane. Muziki wa matarumbeta huchezwa usiku kucha. Vyoo havitoshi, maji matamu hupungua, na takataka hujaa upesi kuliko zinavyozolewa.

Msomaji atauliza: kwa nini wenye kijiji hawawafukuzi? Jibu ni kwamba sheria haiwaruhusu. Kwa sheria za Meksiko, fuo za bahari ni mali ya taifa zima. Ukanda wa nchi kavu wenye upana wa mita 20 kuanzia yanapofika maji makuu nao ni wa taifa. Mtu hupewa kibali cha kuutumia, hauuziwi. Mwaka 2020 sheria ilitiwa nguvu zaidi, na mwenye ardhi anayewazibia watu njia ya kuteremka ufuoni hutozwa faini kubwa. Hivyo fundi wa magari wa Guadalajara asiye na uwezo wa kulipia hoteli ana haki ya kuwateremsha wanawe ufuoni sawasawa na tajiri.

Nasi Waislamu hatuwezi kuiona sheria hiyo ngeni. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Vitu ambavyo wote wanavihitaji na hakuna aliyevitengeneza kwa mkono wake, si haki mmoja kuvifungia mlango. Kwa hiyo simlaumu baba yule. Amefanya kazi mwaka mzima, na furaha ya watoto wake ni hema moja na wimbi la kurukia. Wala wanakijiji hawatoki mikono mitupu. Wenye mabanda huuza samaki, hutoza ada ndogo ya choo na maji ya kuogea, na baadhi ya familia zimejenga vyumba vya kupangisha. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Mtume wetu (s.a.w.), aliyetuhimiza kumkirimu mgeni, aliuwekea ugeni mpaka wa siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake dhiki. Tazama uzuri wa mafunzo haya. Mara nyingi tunamhutubia mwenyeji na kumsahau mgeni, ilhali dini imewawekea adabu wote wawili. Sheria ya nchi yaweza kukupa haki ya kupiga hema. Haiwezi kukufunza kulipiga mbali na njia ya mashua za mvuvi.

Iangalie pia minazi ya pwani ile. Nayo ilikuja ugenini. Ililetwa katika karne ya 16, Wahispania walipoanza kusafirisha bidhaa kwa majahazi kati ya Ufilipino na Meksiko. Mgeni yule alitia mizizi, akatoa kivuli, maji na makuti, na leo hakuna anayekumbuka kwamba hakuzaliwa hapo. Kuna mgeni wa namna hiyo, na kuna mgeni ambaye kijiji humshukuru Mungu anapoondoka.

Sisemi haya ili tuwacheke watu wa mbali. Miaka kadhaa iliyopita, siku ya pili ya Idd, niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuo ufuoni. Walicheza mpira, wakala biriani, na Adhuhuri ilipoingia tukaswali jamaa juu ya mchanga. Jioni tukapanda gari tukarudi, tukiimba kasida. Kesho yake nilipita pale kwa shughuli zangu, nikamkuta mzee mmoja mvuvi ameketi na jarife lake, akichomoa chupa za maji na pakiti za maji ya matunda, moja baada ya moja. Alinitambua.

“Maalim,” akaniambia, “jana mliswali vizuri. Nami nilikuwa safu ya nyuma. Leo natoa taka hizi tangu alfajiri, na bado.”

Nilimwambia, “Niwie radhi, mzee wangu,” nikakunja kanzu nikakaa kumsaidia. Hakunikemea hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Nimewasomesha watoto miaka mingi kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, kisha nikawaacha wautie udhia katika riziki ya mtu.

Tangu siku ile hatutoki bila mambo matatu. La kwanza, magunia ya taka, na mtu mzima mmoja anayebaki nyuma hadi kipande cha mwisho kiokotwe. La pili, tunauliza choo kiko wapi kabla watoto hawajateremka garini, na tunalipa. Kwani tumeonywa vikali dhidi ya kujisaidia kwenye maji, njiani na penye kivuli cha watu. La tatu, tunanunua kitu kwa wenyeji, japo madafu, ili siku yetu ya furaha iwe na fungu lao.

Yako na makubwa zaidi ya usafi. Hapa kwetu kila mwaka tunalalamika kwamba vichochoro vya kuteremkia baharini vinazibwa na kuta. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kila ufuo tunaouacha mchafu baada ya Idd, au likizo ya Desemba, unampa mwenye ukuta hoja. Atasema umma haujui kutunza. Na ukuta ukishajengwa hautamzuia mchafuzi peke yake. Utamzuia pia mvuvi aliyeurithi ufuo kwa babu zake.

Basi enyi wazazi, Idd ijayo mtakapofunga vyakula, fungeni na gunia. Waambieni watoto ni la nini, na waoneni wakilijaza.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wageni wanaotamaniwa kurudi, na wenyeji wenye vifua vipana, na uibariki bahari yetu kwa wanaokula kutokana nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.