Mkono Usipewe Nyundo Peke Yake

Kuna kauli iliyozoeleka sana katika miji yetu, nayo ni kwamba kazi ya mchoraji ni kuchora, na kazi ya kupanga maonyesho ni ya wakubwa. Kauli hii nimeisikia mara nyingi hapa Songea, na kila niisikiapo naiona kuwa ni nusu ya kweli iliyovaa joho la kweli nzima. Leo nataka kuivua joho hilo.

Nimepata kusaidia maonyesho kadhaa. Nimepanda ngazi, nimepiga misumari, nimefuta vumbi juu ya vioo. Kazi hizo sizidharau. Picha iliyotundikwa juu mno humchosha mtazamaji shingo, na sanamu iliyowekwa gizani haina tofauti na iliyofungiwa sandukuni. Lakini katika kazi hizo nilijifunza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa nikichora chumbani kwangu: vitu viwili vikiwekwa karibu huanza kusema. Ngao ya Kingoni kando ya mkuki husimulia vita. Ngao ile ile kando ya picha ya mjane husimulia msiba. Basi apangaye ndiye asemaye, na aliyenyimwa kupanga amenyimwa kusema.

Wakati mmoja afisi iliyonialika iliniita ilipohitaji nyundo, ikanisahau ilipohitaji shauri. Maelezo yote yaliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Bibi mmoja, aliyekuja amevaa kitenge chake cha sikukuu, alisimama mbele ya ngao akaniuliza yameandikwa nini juu ya babu zake. Nilimsomea kwa Kiswahili. Aliposikia neno “waasi” aliuliza walimwasi nani, maana nchi ilikuwa yao. Sikuwa na jibu. Msumari ule niliupigilia mimi, lakini neno lile halikuwa langu.

Mji huu si mahali pa kuchezea maneno. Jina lake ni jina la Nduna Songea Mbano. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa wa Majimaji zaidi ya 60, na kaburi lao la pamoja liko Mahenge, penye makumbusho yanayowakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akaonana na wazao wa Mbano, akaomba msamaha. Ikiwa mgeni wa mbali aliona inampasa kuja kuwasikiliza wazao hao, je, sisi tunaokaa nao mtaa mmoja tuna udhuru gani wa kutundika habari zao ukutani bila kuwauliza?

Nitajibiwa kwamba mchoraji hana elimu ya kazi hiyo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alianzisha nyumba ya picha ya Kibo kijijini kwao, chini ya Kilimanjaro, katika miaka ya 1960. Tena mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi. Alipanga kazi za wenzake, wala hakuacha kuchora. Kijiji hakikumzuia, na brashi haikumzuia.

Sisemi kwamba kila ashikaye brashi anajua kupanga. Sisi wachoraji tuna ugonjwa wetu: kila mmoja hutaka picha yake ikae mlangoni, na ya mwenziwe ikae nyuma ya nguzo. Ugonjwa huo una dawa, nayo ni kupanga pamoja na kusahihishana. Kunyamazishwa si dawa.

Haki tunayodai si kubwa. Mchoraji aitwe siku ya kuchagua, si siku ya kutundika tu. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, lugha nyingine zifuate. Wazee wenye habari zao wasomewe maneno kabla hayajabandikwa. Na jina la aliyesaidia liandikwe, hata kwa herufi ndogo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mchoraji wa Songea bado hajacheza kwao. Amewashikia wengine ngoma, na ngoma ilipokwisha ameachiwa kufagia uwanja. Tuzo si neno langu leo. Naomba nafasi uwanjani, ili siku bibi yule atakaporudi na swali lake, awepo mtu wa kumjibu.