Haki za wachimbaji, wachimbaji wepi?

Jamani wadau, leo kwenye semina ya historia nusura nirushe daftari. Mwenzetu mmoja (simtaji, tunakaa hosteli moja) kasimama kutuambia kwamba wachimbaji dhahabu wa California ni mfano wa demokrasia kwa dunia nzima. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, muda ukaisha. Basi ngoja niyamwage hapa.

Nusu nakubali. Dhahabu ilionekana Coloma Januari 1848, na Marekani haikuwa na sheria ya madini kwa ardhi ya serikali. Maelfu wamejazana mitoni, wangeweza kumalizana. Badala yake wakaitana mikutano, kila eneo likajitangaza wilaya ya uchimbaji na kuandika kanuni zake: ukubwa wa kitalu, karani wa kuviandikisha, ugomvi uamuliwe na wachimbaji wenyewe. Na kitalu usipokifanyia kazi kinakutoka. Hiyo naipenda kweli, maana mwenye hela hakai juu ya eneo akingoja lipande bei. Bunge la Marekani lilipotunga sheria za 1866 na 1872 lilizitambua taratibu hizo, na ile ya 1872 inatumika mpaka leo.

Haya, mkutanoni walikaa akina nani? Hapo ndipo mwenzetu aliporuka kurasa. Wilaya nyingine ziliandika wazi kabisa kuwa Mchina asimiliki kitalu. Mwaka 1850 jimbo likamtoza mchimbaji mgeni dola 20 kwa mwezi, Wamexico wengi wakafungasha. Wageni gani hao? Nchi yenyewe ilikuwa ya Mexico hadi Februari 1848! Kodi ikafutwa 1851, mwaka uliofuata ikaletwa nyingine, safari hii ikiwalenga Wachina.

Na wenyeji wa asili, wenye mito yao? Walikadiriwa kama 150,000 mwaka 1848. Kufika 1870 wamebaki kama 30,000: maradhi, njaa, na risasi. Sijaona mkutano uliowauliza kitalu kiwe futi ngapi.

Kwa hiyo ukisema "walilinda haki zao", mimi nakushika kwenye hilo neno "zao". Sisi ni walimu watarajiwa, bwana. Ukiandika nusu ubaoni, watoto arobaini wananakili nusu.

Semina ijayo nakaa kiti cha mbele. Mliopiga makofi, njooni mmejiandaa.