Chombo na Mkono Uliokiunda



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twaingia, ndugu wasomaji, katika mazungumzo yetu ya mwezi huu. Vijana wa chuo chetu hapa Mishamo waliona katika simu picha za meli ya nchi ya Ufini ikienda juu ya bahari iliyoganda, ikiipasua barafu kama jembe lipasuavyo udongo. Wakatuuliza: "Watu wale wamepewa nini ambacho sisi hatukupewa?" Suali hili si dogo, nasi tumeona si vyema kulijibu darasani tu na wazee wao wasisikie. Basi leo twalijibu mbele ya wote.

Kwanza natufahamu meli ile yafanya kazi gani. Ufini ni nchi ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, na kila mwaka wakati wa baridi maji ya bandari zake huganda yakawa magumu kama jiwe. Nchi hiyo huleta na hupeleka sehemu kubwa ya bidhaa zake kwa njia ya bahari. Bandari zikifungwa, biashara imefungwa. Kwa hiyo hutangulia meli ya kuvunja barafu, ikafungua njia, na meli za shehena zikafuata nyuma yake.

Watu wengi hudhani kuwa meli hiyo huikata barafu kwa ncha kali kama kisu. Sivyo. Omo lake limelazwa kwa mteremko, hata chombo kikisukumwa na mashine zake hupanda juu ya barafu, na uzito wake wenyewe ukaivunja barafu kwa chini. Chuma cha ubavuni ni kinene kuliko cha meli ya kawaida. Nyingi katika meli hizo zina matangi ya maji kulia na kushoto. Maji husukumwa huku na huku, chombo kikayumba, na kwa kuyumba huko kikajinasua kinapobanwa. Tazameni basi hekima iliyomo: uzito, ambao kwa chombo kingine ni taabu, hapa umefanywa kuwa silaha.

Sasa twende kwenye suali la vijana. Je, Wafini walizaliwa na elimu hii? Hasha. Meli yao ya kwanza ya kuvunja barafu iliyoitwa Murtaja, ya mwaka 1890, iliundwa Uswidi. Ya pili, Sampo, ya mwaka 1898, iliundwa Uingereza. Walikuwa wanunuzi kama sisi tulivyo wanunuzi. Kiwanda cha meli kilikuwako Helsinki tangu mwaka 1865, mahali paitwapo Hietalahti, lakini kiwanda kuwapo si sawa na ujuzi kuwapo. Mafundi wao wakakaa na vyombo vilivyonunuliwa, wakavitengeneza vilipoharibika, wakatazama wapi chuma kimepinda na wapi kimestahimili, mpaka mwaka 1939 Helsinki ikatoa meli ya Sisu, iliyoendeshwa kwa mashine za dizeli zikizalisha umeme wa kuzungusha rafadha.

Kisha wakapatwa na mtihani. Walipigana vita na Urusi wakashindwa, na mwaka 1944 wakatakiwa kulipa fidia kubwa mno. Fidia yenyewe haikutakiwa iwe fedha taslimu; walitakiwa watoe mashine na vyombo vya baharini. Nchi ndogo ya wakulima na wakata mbao ikalazimika kupanua viwanda na kufundisha maelfu ya watu kazi ya chuma. Mwaka 1952 walimaliza deni. Deni likaondoka, mikono iliyofundishwa ikabaki. Na yule aliyekuwa mdai akarudi mara hii akiwa mnunuzi: Urusi ikaagiza kwao meli za kuvunja barafu, moja baada ya moja, kwa miaka mingi. Mwaka 1954 walitoa Voima, yenye rafadha mbili mbele na mbili nyuma. Mwaka 2016 wakatoa Polaris, iwezayo kwenda kwa dizeli na pia kwa gesi asilia iliyopozwa hata ikawa maji. Na meli za kuvunja barafu zilizomo duniani leo, zaidi ya nusu zimeundwa Ufini, nchi yenye watu wasiofika milioni sita.

Basi, enyi wanetu, hilo ndilo jibu la kwanza. Walichopewa ni dhiki, na dhiki wakaifanya mwalimu.

Hwenda msomaji wa Mishamo akasema: Barafu na sisi wapi na wapi? Haya, tuiache barafu, tushuke sote hadi Karema au Ikola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika lililo jirani yetu. Hapo hakuna mzee asiyeijua meli ya Liemba. Nayo pia iliundwa katika nchi ya baridi, na khabari zake zina mafunzo kuliko visa vingi vya kubuni.

Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen kwa jina la gavana mmoja wa Kijerumani wa nchi hii. Urefu wake ni kiasi cha mita 70. Sasa meli ya ukubwa huo itafikaje katika ziwa lisilo na njia ya bahari? Mafundi waliiunga kiwandani, kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakakitia kila kipande namba, wakavifunga vyote katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo yakapanda reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Akaja nayo fundi mkuu Anton Rüter na wenziwe wawili wa Papenburg, na pamoja nao wakafanya kazi vibarua wengi wenyeji, wakiiunga upya chini ya jua la Kigoma. Mwezi wa Februari 1915 ikashuka majini.

Hatutaki kuficha kuwa haikuletwa kwa ajili ya kheri yetu. Ililetwa kuutumikia utawala wa watu wengine, na kwa kuwa vita vikuu vilikuwa vimeanza, ikapachikwa mzinga uliotolewa katika manowari ya Königsberg iliyoangamia katika mto Rufiji mwaka huo huo. Lakini Mwenyezi Mungu hukigeuza chombo kikatumika kwa jambo ambalo aliyekileta hakulikusudia.

Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma itachukuliwa, wakaamriwa kuizamisha. Mafundi wale wa Papenburg wakaifanya kazi ya kuzamisha kama walivyoifanya kazi ya kuunda. Wakazipaka mashine zake girisi nzito kila mahali ili kutu isizile, wakaijaza mchanga, wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Natutafakari, ndugu zetu. Vita vilikuwa karibu kuwafikia. Nani angewauliza kama wameipaka girisi au hawakuipaka? Nani angeshuka chini ya maji kukagua? Hapana. Lakini fundi aliyezoea kazi ya haki haiachi haki kwa sababu hapana amwonaye.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua wakaivuta hadi Kigoma, na huko ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kwa mara nyingine. Walipoziosha mashine wakaziona bado zafaa, ingawa zimekaa majini miaka mingapi! Zikarudishwa kazini, na mwezi wa Mei 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili kwa upande wa kusini. Mashine zile zile za mvuke zikaendelea mpaka miaka ya 1970, zilipotolewa zikawekwa za dizeli. Kazi ya siri ya siku chache iliihifadhi meli, ikaja ikawafaa watu waliokuwa hawajazaliwa.

Na watu hao ni kina nani? Ni wavuvi wa dagaa na wachuuzi wa mahindi na mawese wa vijiji vya ufukoni, kuanzia Kigoma hadi Mpulungu ya Zambia, ambao wengine hawakuwa na barabara. Mwaka 1997 ilirudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwezi wa Mei 2015, watu wa Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, penye milima nyuma na maji mbele, na kipindupindu kikaingia kati yao, ni Liemba iliyokwenda na kurudi ikiwachukua kiasi cha watu 600 kwa safari kuwaleta Kigoma.

Hapa Mishamo hatuhitaji kuelezwa maana ya safari hiyo. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu walioikimbia Burundi mwaka 1972, na wapo miongoni mwa wazee wetu waliolivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, mtoto mgongoni na Mungu mbele. Mwaka 2014 watu zaidi ya laki moja na nusu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Twajua thamani ya chombo kilicho kizima, kwa kuwa tuliijua hofu ya chombo kinachovuja.

Basi twapata mafunzo matatu.

La kwanza ni la wazazi. Lipo neno husemwa barazani, kuwa kazi ya chuma na ya mbao ni ya mtoto aliyeshindwa kusoma. Neno hili si la Kiislamu. Nabii Nuhu (a.s.) aliamriwa aunde jahazi kwa mikono yake huku watu wakimcheka, na khabari zake zimo katika Sura Hud. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akatengeneza nguo za vita, kama tusomavyo katika Sura Saba. Ikiwa Manabii hawakuona haya kushika nyundo na shoka, mwanao ataona haya ya nini? Mpelekeni mtoto chuoni ajue Mola wake, mpelekeni skuli ajue hisabu, na akipenda ufundi msimzuie kwenda VETA akajifunze kuchomelea au mashine, awe mvulana au msichana. Na apendaye vyombo, kuna Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

La pili ni la vijana. Msidharau kutengeneza kwa sababu mwataka kuunda. Wafini walianza kwa kutengeneza vya wenzao. Na hapa kwetu pia mwanzo umekwisha kufanywa: huko Mwanza kiwanda cha Songoro huunda vivuko vya kuvusha watu katika maziwa yetu, na mafundi wake hawakuteremka kutoka mbinguni. Wewe unayetengeneza pikipiki chini ya mwembe umeshika ncha ya kamba ile ile. Ivute kwa elimu. Mahindi na tumbaku yetu yangali yakitafuta njia ya kutoka, na pale Karema imejengwa bandari mpya. Bandari bila ya mafundi ni gati la kuanikia dagaa.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni la wote: uaminifu. Mnakumbuka msiba wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Nyanza. Kilikuwa cha kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Hapo chuma hakikuwa na kosa. Chombo huundwa na mafundi, lakini huzamishwa na mtu yeyote: yule apokeaye nauli ya mtu wa ziada, yule atiaye saini bila kukagua, na yule abiria ajilazimishaye kuingia hali aona pamejaa. Roho za watu ni amana. Na amana haingoji mkaguzi.

Liemba yenyewe ilisimama mwaka 2018 kwa kuchakaa, na mwaka 2023 ukatiwa saini mkataba wa kuikarabati. Twaombea ukarabati wake ufanywe na mikono kama ile iliyopaka girisi. Na katika kila jambo mlishikalo, ewe fundi, ewe mkulima, ewe mama upikaye, ewe mwanafunzi uandikaye ubao wako, jiulizeni: Pale mahali pasipoonekana, pameshughulikiwa? Anayekuja baada yetu ndiye atakayepagusa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na mikono ya haki, na awasalimishe wasafiri wote wa nchi kavu na majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.